SOMO KWA WANACHAMA: INTANETI YA NYUMBANI, MLANGO NA KUFULI LAKE



Wanachama kadha wameuliza kama yafaa kuingiza intaneti nyumbani, si ile ya simu ya mkononi peke yake, bali ile ya chombo kimoja kinachohudumia nyumba nzima. Na kama jambo hilo lina hatari. Jibu letu ni kwamba yafaa sana, na hatari ipo, walakini sehemu kubwa ya hatari hiyo huondoka kwa kazi ya jioni moja. Kazi ya jioni hiyo ndiyo somo letu. Tutalieleza kwa mfano wa nyumba moja, kwa kuwa mfano huingia kichwani upesi kuliko maagizo matupu.

Nyumba yenyewe haiko Unguja wala Pemba. Iko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, upande wa kusini mashariki wa Ziwa Victoria. Nilikaa huko mwezi wa Aprili na Mei 2024 kwa mwanangu ambaye ni mwalimu wa skuli. Mtu akitoka Mwanza hufuata barabara ya Musoma mpaka Lamadi, kisha hukata kulia kwenda Bariadi. Ni nchi ya pamba kama hapa kwetu ni nchi ya karafuu. Mkulima wa huko huungoja mwezi wa Mei, ununuzi ufunguliwe, kama sisi tunavyoungoja msimu wetu, na mazungumzo yao ya mizani na bei na mvua ni yale yale ya barazani kwetu, ila wao huyazungumza kwa Kisukuma.

Mwanangu alitaka intaneti ya nyumbani kwa ajili ya masomo ya wanafunzi wake, na mkewe anasoma chuo kwa njia hiyo hiyo. Kulikuwa na sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Nduguye aliyebaki shambani, upande wa Wete, kila anapouza karafuu hupiga picha hati ya mizani na kumpelekea, na sehemu ya fedha za shamba huwekwa katika simu ya mwanangu na ya mkewe. Fedha hizo ndizo ada za wajukuu wangu wawili. Simu zile mbili zilikuwa ndizo zitakazoingia katika intaneti ya nyumba. Kwa hiyo nyuma ya mlango tuliokuwa tukiujenga hapakuwa na sinema na michezo tu.

Kwanza, njia ya kuingizia. Zipo mbili kubwa. Iliyo bora ni waya wa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, unaoletwa mpaka ukutani mwa nyumba. Kama unapita mtaani kwako na bei unaimudu, chukua huo, usitafute mwingine. Ya pili ni ruta ya laini, nayo ni sanduku dogo linalotiwa laini ya simu, likapokea mawimbi ya mnara na kuyagawa nyumbani kwa waifai. Mtaa wa mwanangu haukuwa na faiba, basi tukaingia njia ya pili.

Kosa la watu wengi ni kununua laini kwa kuwa jirani aliisifu. Jirani hana ukuta wako. Tuliazima simu 3 zenye laini za kampuni mbalimbali, tukazipima chumba kile kile, mara ya kwanza saa 4 asubuhi na mara ya pili saa 2 usiku, kwa siku 3. Laini iliyokuwa ya kwanza asubuhi ilikuwa ya mwisho usiku, kwa kuwa usiku mji mzima unarudi nyumbani na kuukimbilia mnara ule ule. Tukachagua ile ya katikati ambayo haikubadilika sana. Mwenye kutumia intaneti usiku aipime usiku.

Hesabu nayo huwadanganya watu. Kampuni hutangaza mwendo kwa megabiti, na mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1 na robo tu, kwa hiyo faili la megabaiti 100 litachukua sekunde 80, hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Sinema ya picha safi huweza kula gigabaiti 3 kwa saa moja. Mwenye kununua kifurushi cha gigabaiti 30 kwa mwezi na ana vijana nyumbani afanye hesabu hiyo kabla ya kulaumu kampuni.

Ruta tuliiweka kwenye rafu ya mbao karibu na dirisha linaloelekea mnara, kimo cha bega. Usiiweke juu karibu na bati, kwani bati hurudisha mawimbi, wala nyuma ya friji, wala kando ya pipa la maji, kwani maji huyanywa. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili: ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 ni ya mbio lakini huchoka upesi. Mwanangu aliunga televisheni iliyo chumba kile kile kwa ya 5, na simu za vyumba vya nyuma kwa ya 2.4.

Umeme tusiusahau. Sisi tuliokaa miezi 3 gizani kisiwani Unguja, tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa. Kipo kibetri kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya ruta, nacho huendesha ruta saa kadhaa umeme ukikatika. Soma kwanza volti zilizoandikwa chini ya ruta, nyingi ni 12, uzilinganishe na za kibetri. Na radi ikianza, ng'oa waya ukutani. Nchi za kandokando ya Ziwa Victoria zimo katika zile zinazopigwa na radi zaidi duniani, na nimeziona kwa macho yangu.

Sasa tuje kwenye kufuli.

Siku ya kwanza tulifurahi mno, tukaacha kila kitu kama kilivyotoka dukani. Neno la siri la waifai lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Mwanangu akalisoma kwa sauti, watoto wakalishika, na watoto wakampa rafiki yao, na rafiki yao ana kaka kwenye saluni ya kunyoa nyumba ya tatu. Siku ya 11 kifurushi cha mwezi mzima kilikuwa kimekwisha. Tukafungua ukurasa wa ruta kutazama vyombo vilivyoungwa: vyetu vilikuwa 5, vilivyoandikwa pale vilikuwa 14. Kijana wa saluni hakuwa mwizi kwa fikira zake. Alipewa, akapokea, naye akawapa wateja wake. Walakini mtu angeweza kukaa kwenye benchi la saluni, akatenda ubaya kwa njia ya laini ile, na laini ile imeandikishwa kwa alama za vidole vya mwanangu. Tangu Januari 2020 laini isiyohakikiwa kwa alama za vidole ilianza kufungwa, na ni jambo jema. Lakini maana yake ni kwamba swali la kwanza litamfikia mwenye laini. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo haiwatanii watu.

Jioni ile tukaketi kufanya kazi ambayo ingekuwa ya siku ya kwanza.

Yafaa ijulikane ya kuwa ruta ina funguo mbili, na wengi huzichanganya. Ufunguo mmoja ni wa waifai, nao humpa mtu ruhusa ya kuitumia intaneti yako. Wa pili ni wa usimamizi, nao humpa mtu ruhusa ya kuitawala ruta yenyewe: kubadili kufuli, kukufungia nje, na hata kuigeuza njia ili ukiandika jina la benki yako upelekwe kwenye ukurasa wa uwongo. Wa kwanza ni kama ufunguo wa ukumbi; wa pili ni kama hati ya nyumba. Nimekuta watu waliobadili wa kwanza wakadhani wamemaliza, na ule wa pili bado ni neno «admin» kama ulivyotoka kiwandani.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikigonga milango ya kamera na ruta za majumbani. Haikuwa na akili nyingi. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 tu, ikajaribu moja baada ya jingine, na kwa orodha hiyo ikavinyakua vyombo laki kadha. Vyombo vya namna hiyo Daniel Kaye, Mwingereza, alivitumia mwaka huo huo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, na Januari 2019 alifungwa miezi 32 mjini London. Wenye kamera na ruta zile hawakujua kitu. Walikuwa wamelala.

Basi tulifungua programu ya kusomea intaneti katika simu iliyoungwa na ruta, tukaandika namba iliyochapwa chini ya sanduku (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), ukurasa wa usimamizi ukatokea. Kwanza tulibadili neno la siri la usimamizi. Tukaliandika kwenye daftari lililomo kabatini. Wataalamu wengine hukataza kuandika, lakini mwizi wa Urusi au wa Mwanza hafiki kwenye kabati lako, na mzee anayesahau neno lake mwishowe huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na kufuli zote zikaanguka.

Pili tulibadili neno la waifai. Hapa nisimame kidogo. Mwanangu alitaka kuweka namba yake ya simu, kama wafanyavyo watu wengi. Nikamwambia tufanye hesabu. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini 3 za mwanzo zajulikana, kwa kuwa ni za kampuni, basi zimebaki 7, nazo ni njia milioni 10. Mtu aliye nje huweza kunasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapoungana, akaenda nazo kwake na kuzijaribu kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, inayoweza kujaribu maneno milioni moja kwa sekunde. Milioni 10 ni sekunde 10. Na namba ya mwalimu, mzazi gani wa mtaani hanayo?

Badala yake tulichukua kamusi, mjukuu akafumba macho na kuifungua mara 5, kila mara akaweka kidole. Yakatoka maneno 5 yasiyohusiana, kama vile «jamvi pweza kengele mvule deni» (si hayo, na wewe usiyatumie hayo). Hata kama kamusi ingekuwa na maneno 2,000 tu, kompyuta ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 1,000 kuyamaliza maneno matano yote yanavyoweza kupangika. Na mtoto aliyashika kwa dakika moja, kwa kuwa yalimchekesha. Neno la waifai laweza kuwa na herufi 8 mpaka 63. Nafasi ipo tele.

Palipoandikwa namna ya ulinzi tulichagua WPA2; ruta yako ikiwa na WPA3, na simu zako zikaikubali, chukua hiyo. Ukikuta WEP, hiyo ilivunjwa tangu mwaka 2001, na ruta isiyo na nyingine istaafu. Kisha tukazima kitu kiitwacho WPS, kile kitufe cha kuunga bila neno. Kinaonekana ni rahisi. Namba yake ina tarakimu 8, na mtu angedhani ni njia milioni 100. Lakini Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha ya kuwa ruta huikagua nusu ya kwanza peke yake kisha nusu ya pili peke yake, na tarakimu ya mwisho hutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo kilichobaki ni majaribio 10,000 na 1,000, jumla 11,000. Ni kama mlinzi anayemwambia mwizi, «Hapo umepatia, endelea.»

Tulizima pia usimamizi wa kutoka nje, maana hakuna haja mtu aliye nje ya nyumba aifikie hati ya nyumba. Tukatafuta palipoandikwa habari za kusasisha programu ya ruta, tukaisasisha. Mwezi wa Oktoba 2017 ilitangazwa kasoro hata katika WPA2 yenyewe, na waliopona ni waliosasisha. Jina la waifai, ambalo mwanangu alikuwa ameliandika kwa jina lake na namba ya nyumba, tukalibadili likawa la mti. Haifai kumtangazia mpita njia nyumba ni ya nani.

Mwisho tulifungua waifai ya wageni. Ruta nyingi zinayo. Mgeni anapata intaneti lakini haoni simu na kompyuta za wenyeji, na neno lake hubadilishwa kila mwezi bila kusumbua watu wa nyumbani. Hii ndiyo iliyotuokoa na ubaya wa ujirani, kwani kule, kama kwetu, kumnyima jirani kitu ambacho anajua unacho ni jambo zito. Kijana wa saluni tulimwita, tukamweleza, tukampa neno la wageni kwa ajili yake mwenyewe, na ruta ikamkatia kipimo cha mwendo. Alicheka, akatunyoa wote bure.

Kazi yote ilichukua saa 2 kasoro, pamoja na chai.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kufuli haliwezi. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikatika, si Bariadi tu, bali karibu nchi nzima, na nchi jirani pia. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa pwani ya Afrika Kusini. Maneno ya mtu wa Bariadi hupita kwenye mkongo wa taifa mpaka Dar es Salaam, kisha huingia baharini. Waya ukikatika huko, ruta yako ya Simiyu inabaki ikiwaka taa bila ya kazi. Kwa siku kadhaa mambo yalikuwa mazito. Mwanangu nusura aibonyeze ruta irudi kiwandani, akidhani imeharibika, na hapo kazi yetu yote ingepotea. Kanuni yetu sasa ni hii: ikikatika, waulize kwanza watu wa laini nyingine. Wote wakilia, iache ruta.

Siku ya tatu mkwe wangu alipigiwa simu. Mtu kwa sauti ya upole alisema yeye ni fundi wa kampuni, anawarudishia wateja huduma, na kwamba zitaingia tarakimu 6 kwa ujumbe, azisome ili laini ifunguliwe. Tarakimu zikaingia kweli. Mimi nilikuwa uani nikasikia akisoma, «Nne, saba, moja...» Nikaita, «Mwanangu, nyamaza!» Akakata simu. Ujumbe ule, tulipousoma mpaka mwisho, haukutoka kwa kampuni ya laini. Ulikuwa wa kufungulia akaunti yake ya ujumbe katika simu nyingine. Bwana yule angeipata, angewaandikia ndugu wote kwa jina lake, na wa kwanza angekuwa yule wa Wete: «Ile pesa ya karafuu tuma kwenye namba hii.» Naye angetuma, kwa nini asitume?

Fundi wa kweli hana haja ya tarakimu zako. Ana vyombo vyake. Siku ile ile tuliweka katika akaunti za simu zote za nyumba namba ya pili ya siri, ambayo huulizwa hata mtu akiwa na zile 6, na tukaripoti ile namba kwa kuituma kwenda 15040, ambayo ni ya kupokea habari za utapeli. Kadhalika kila mmoja alipiga *106# kuona ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake. Nashauri kila mwanachama apige leo hii, hata asiye na ruta.

Na kwa ndugu wa Wete tuliweka neno la nyumbani. Ukija ujumbe wa kutaka fedha, kwa jina la yeyote, hupiga simu akauliza neno hilo, na asiyelijua hapewi kitu, hata akiwa mimi. Nimekwisha kulisahau mara moja, nikanyimwa.

Limebaki moja kwa wenye kupanga nyumba. Mwanangu ataihama nyumba ile, kwani walimu huhamishwa. Siku ya kuhama, au ya kuuza ruta, kipo kitundu kidogo nyuma yake. Ingiza kijiti chembamba, bonyeza kwa kuhesabu mpaka 10, taa zitazimika na kuwaka upya, na maneno yako yote ya siri yatafutika. Toa na laini yako. Ruta ikifika nyumba mpya, kazi ya jioni ile huanza tena kwenye karatasi ya chini ya sanduku.